Kiangazi Kikiingia, Mpira Hauna Adabu

Kila ikifika Januari, kwenye uwanja wetu wa gofu hakosi mgeni wa kusimama kwenye tii ya kwanza, pale anapoanzia kupiga, akaangalia mbele, kisha akanigeukia na kuniuliza kama uwanja umekufa. Simlaumu. Picha alizoziona kabla hajapanda ndege zilipigwa Mei au Juni, masika yameshanyesha na kila kitu kijani. Yeye amekuja kaskazi imeshika, vuli imekwisha zamani, na kilicho mbele yake ni nyasi za kahawia iliyopauka zinazoishia baharini. Humwambia haujafa, umelala. Halafu humshauri ashike fimbo ndogo kuliko ile aliyokwisha kuitoa kwenye begi, na hapo ndipo wengi hawanisikilizi.

Uwanja wetu una mashimo 9, uko pwani ya kaskazini-magharibi ya Unguja. Nilianza kwa kubeba mabegi ya wachezaji, baadaye nikahamishiwa kwenye nyasi na maji, kazi ambayo watu wa hoteli huiita bustani. Aliyebeba begi anajua mpira unakwenda wapi. Aliyeshika pampu anajua kwa nini. Mambo haya mawili yakikaa kwenye kichwa kimoja, kiangazi kinakuwa msimu mtamu kuliko yote, ingawa ndio unaotutoa jasho.

Kwetu ukavu huja mara mbili kwa mwaka na hauna sura moja. Ule wa kusi, Juni hadi Septemba, ni wa upepo na ubaridi kidogo. Mchoo hunyesha hapa na pale, nyasi hupunguza kukua lakini haziteseki. Ule wa kaskazi ndio kiangazi chenyewe. Vuli ikishamalizika Disemba, Januari na Februari zinaweza kupita kwa manyunyu tu, joto likapanda hadi nyuzi 33, na mwanzoni mwa Machi jua linapita utosini hasa, saa sita mchana mtu hana kivuli. Ukichukua hesabu ya mwaka mzima, Unguja si kame hata kidogo. Mvua yake ni takriban milimita 1,600. Taabu ni kule inakokwenda. Chini yetu ni jiwe la matumbawe lenye matundu na mapango, na maji yakishashuka humo hayana haja tena na mizizi ya nyasi.

Udongo wenyewe juu ya hilo jiwe hauko sawa. Pengine unafika magotini, pengine ukitia jembe unagonga. Masika huwezi kutofautisha. Februari mabaka ya kahawia yanatokea palepale yalipotokea mwaka uliopita, na ukitaka kujua jiwe liko wapi huna haja ya kuchimba. Walikuja mafundi na vifaa vya kupimia unyevu wa udongo, vijiti vya chuma vyenye kioo cha namba. Vifaa vizuri, tunavitumia mpaka leo. Ila ramani waliyoitoa baada ya kuzunguka uwanja mzima, wazee wa hapa kazini walikuwa wameshawachorea juu ya boksi la vigae asubuhi ile.

Nyasi za feawei, ile njia iliyokatwa kutoka tii kuelekea shimoni, ni ukoka, huu huu unaolisha mbuzi na kuwatesa wakulima makondeni. Aliyewahi kuung'oa anaijua tabia yake: unachovuta ni jani, mwenyewe yuko chini. Una vishina vinavyotambaa juu ya ardhi na vingine vinavyotambaa ndani yake. Maji yakikosekana unaachia majani yakauke, ukabaki na akiba ya chini. Ukikichana kishina ukakuta ndani mweupe na una unyevu, mvua ikija utachipua. Kinachouua ukoka uliolala mara nyingi si jua, ni matairi. Vigari vya wachezaji vikipita juu yake kila siku saa za joto, vishina vinasagika, na mvua haina cha kurudisha. Ndiyo maana ikifika Januari tunafunga kamba, vigari vinabaki kwenye njia zake, na kila siku hapakosekani mtu wa kuiruka kamba akiamini tumemkomoa yeye.

Sasa mchezo. Udongo ukiwa na maji, mpira unapotua huchimba kishimo, nguvu yake ikaishia humo. Udongo ukikauka, ardhi haimezi kitu. Mpira unadunda, unadunda tena, kisha unabingirika, na kadiri ulivyotua kwa kulala ndivyo unavyokwenda mbali. Aliyekulia kucheza kandanda Mnazi Mmoja haambiwi hili. Anajua jinsi pasi ya kawaida ya masika inavyomkimbia mwenzake mwezi wa Februari ikatoka nje. Gofu ni hilo hilo, ila hapa uwanja una miteremko na nje yake ni mawe ya pwani.

Wapigaji wa mbali hufurahi mwanzoni, kwa sababu mpira wao unafika wasikowahi kufika. Kinachowashangaza ni feawei kuwa nyembamba. Upana ni ule ule, hakuna aliyeupunguza. Lakini mpira uliotua katikati ukiwa umeinama kulia kidogo, ambao masika ungesimama pale pale, sasa unaendelea na safari mpaka kwenye rafu, zile nyasi ndefu za pembeni. Na rafu yenyewe imekauka, imekuwa vijiti vichache, haina nguvu ya kuuzuia, kwa hiyo unaipita na kuingia vichakani. Kijiteremko ambacho miezi sita iliyopita hukukiona sasa kina kauli. Ongeza upepo wa kaskazi kwa nyuma na hapo ndipo nilipokuwa nikiingia vichakani kutafuta mipira, miguu ikachanika kwa miiba, mwenye mpira amesimama juu kivulini ananielekeza kwa kidole.

Niliyejifunza kwake zaidi ni mzee mmoja wa mjini, mwalimu mstaafu, ambaye sote tunamwita Maalim. Huja na fimbo chache kwenye begi lililochanika mfuko, na hapigi mbali. Masika vijana wanamshinda. Kiangazi wanamnunulia soda. Siku moja alipangwa na kijana kutoka Dar es Salaam, mwenye kifua chake na fimbo mpya, wakafika kwenye shimo linaloteremkia baharini. Kijana ameshatoa draiva, fimbo ya kupigia mbali kuliko zote, Maalim ameshika chuma namba 6, fimbo fupi zaidi.

"Maalim, samahani, na hicho kichuma tutafika leo?"

"Tutafika, baba. Tangulia wewe."

Kijana akatangulia. Ulikuwa mpigo mzuri, sitamnyima haki yake. Mpira ulipanda juu, ukatua katikati ya feawei na kutoa mlio mkavu. Tukauona unadunda, unadunda, unakata kushoto kufuata mteremko, kisha hatukuuona tena. Maalim akapiga chinichini. Mpira haukupanda zaidi ya kimo cha mpapai. Akautua mapema, upande wa kulia, kwenye lile baka la jiwe ambalo kila mtu hulikimbia, ukashika kasi, ukakunja kushoto na mteremko ule ule uliomtoa mwenzake, ukasimama hatua chache mbele ya grini, pale penye nyasi fupi, shimo na bendera.

"Mwanangu, wewe umeangalia utaangukia wapi," akasema. "Mie naangalia utasimama wapi."

Kisha akashuka naye kwenda kuutafuta mpira uliopotea, kwa adabu tu, maana alijua haupatikani.

Baadaye nilipoanza kuangalia mashindano ya zamani kwenye simu nikakuta jambo hilo hilo limefanywa na mtu mkubwa zaidi. Julai 2006 mashindano ya The Open yalichezwa Hoylake, karibu na Liverpool. Kiangazi cha Uingereza mwaka ule kiliunguza uwanja, feawei zikawa za kahawia, vumbi likipanda mtu anapopiga. Tiger Woods, mmoja wa wapigaji wa mbali kuliko wote wa wakati wake, aliitoa draiva mara 1 tu kwa siku zote 4. Alitumia vyuma, akautua mpira kabla ya kufika kwenye mabanka, vile vishimo vya mchanga, ardhi ikamalizia, na akashinda kwa tofauti ya mipigo 2. Nyasi za kule si ukoka, kiangazi chao kiko wakati sisi tuna kusi na makoti, lakini mpira unaodunda juu ya ardhi kavu haujui kama uko Liverpool au Mangapwani. Niliwahi kumwonyesha Maalim ile video. Akaitazama mpaka mwisho, akanirudishia simu, akasema kijana anacheza vizuri.

Kwenye grini shida inageuka. Pale mchezaji hataki mpira ukimbie, anataka ukae. Grini yenye unyevu huupokea. Iliyokauka huurusha, na ule mpigo wa juu unaotua karibu na bendera unaishia nyuma kwenye kichaka. Dawa yake ni kuutua mpira kabla ya grini, uingie wenyewe kwa miguu yake, na hilo linawezekana tu kama ulikuja kutoka upande ambao mbele yako hapana banka. Hapo ndipo mtu anapoona kwamba mpigo wa kwanza, ule wa kutoka kwenye tii, haukuwa wa umbali. Ulikuwa wa kuchagua mlango.

Nikiwa mbeba begi nilijizoesha kusikiliza. Mpira wa masika ukitua kwenye grini hausikiki, au unasikika kwa mbali, pu. Ukavu ukianza, mlio unakuwa mfupi na wa juu zaidi, ko. Kati ya hiyo miwili kuna milio mingine ambayo siwezi kuiandika, na kila mmoja una idadi yake ya hatua ambazo mpira utakwenda baada ya kutua. Nyayo nazo zinasema. Ukitembea kuelekea kwenye grini ukasikia nyasi zinakatika chini ya kiatu, usimpe mchezaji wako weji, fimbo ya kuuinua mpira juu.

Weji yenyewe ina jambo lake. Fimbo hii ina kitako kilichovimba chini, na uvimbe huo umewekwa ili isizame kwenye nyasi laini na mchanga. Kwenye ardhi kavu isiyo na nyasi, kitako kinagonga, kinaruka, na ukingo wa fimbo unakutana na mpira kwenye kiuno. Mpira unatoka kwa kasi ya chini na kuvuka grini nzima. Nimewaona watu wa heshima zao wakivuka grini ile ile mara mbili, kwenda na kurudi. Ninachowaambia siku hizi ni kwamba wakiwa nje ya grini na mbele hapana kizuizi, waushike mti wa kusukumia tu, ule wa ndani ya grini, wausukume mpira kwenye nyasi kavu. Wengine huona aibu, wakidhani ni mchezo wa watoto. Basi wabakie na aibu yao.

Banka ni kinyume chake. Mchanga wetu mweupe ukikauka unakuwa unga, na mpira unaoingia kutoka juu unazama, ukaonekana nusu tu. Masika mchanga umeshikana na mpira unakaa juu. Kwa hiyo kiangazi unataka kitako kikubwa bankani na kitako kidogo nje ya banka, na mwenye weji 1 tu inabidi achague shida yake.

Halafu ubishi wa mtaro. Tuna mtaro wenye vigingi vyekundu unaojaa masika na kukauka kabisa kiangazi, mpaka mbuzi wanapita ndani. Kila mwaka kuna anayedai kwamba kwa kuwa hamna maji, hapana adhabu. Adhabu ipo kwa anayeutoa mpira humo. Vigingi ndivyo vinavyosema, si maji. Ila kanuni zilizoanza 2019 zinamruhusu mchezaji kugusa chini kwa fimbo yake akiwa humo, jambo lililokuwa haramu zamani, kwa hiyo mara nyingi anaweza kuucheza mpira ulipolala bila kulipa kitu. Hilo la pili huwapoza.

Nilipohamia kwenye maji ndipo nilipoelewa kwa nini mzee mmoja wa grini alikuwa hasemi na mtu mchana. Ukoka wa feawei unaweza kulala, lakini grini haziruhusiwi kulala. Nyasi zake, ambazo kwetu ni paspalamu, zinakatwa fupi kuliko unene wa sarafu chache zilizopangwa, mizizi yake ni mifupi vilevile, na siku moja ya jua kali bila uangalizi inatosha kuziharibu. Dalili ya mwanzo si ukahawia. Ukahawia ni taarifa ya msiba. Dalili ni nyayo: unapita juu ya grini saa tano asubuhi, unageuka nyuma, na unaziona hatua zako zimebaki. Nyasi yenye maji huinuka mara moja mguu unapoondoka. Yenye kiu inabaki imelala, na ukiitazama kwa ubavu ina rangi ya buluu iliyochanganyika na majivu. Ukiiona hivyo una saa moja au mbili.

Kinachofanyika hapo si kuinywesha. Ni kuipoza. Unarusha maji mepesi, kama dakika moja, juu ya lile baka tu, majani yapoe mpaka jua lipungue. Maji ya kunywa hasa hutolewa usiku au alfajiri, mengi na kwa kuachia siku, ili yashuke chini na mizizi iyafuate. Ukimwagilia kidogo kidogo kila siku mizizi inakaa juu, na siku pampu ikiharibika utalia. Kuna na mabaka yaliyokauka kupita kiasi mpaka yanakataa maji. Unamwagia na maji yanateleza pembeni kama juu ya jani la jimbi, chini vumbi tupu. Hayo tunayatoboa kwa uma, tobo kwa tobo, tukipiga magoti, kisha tunayarudia kwa maji taratibu. Ni kazi ambayo mgeni akiiona anapiga picha.

Mashine za kukatia tunazipandisha. Jani refu kidogo lina kivuli chake lenyewe. Mbolea tunaiacha, kwa sababu mbolea inailazimisha nyasi kukua na nyasi inayokua inadai maji ambayo hatuna. Ajabu ni kwamba hata tukipandisha mashine, grini zinakuwa na kasi, kwa kuwa nyasi haikui na uso umekauka. Mmarekani Edward Stimpson ndiye aliyebuni 1935 kile kimfereji cha kupimia kasi, unachoinua taratibu mpaka mpira ushuke wenyewe, kisha unapima umekwenda futi ngapi. Siku za kawaida grini za klabu nyingi hutoa futi 8 au 9. Ukiona inakaribia 12, mpira unaoteremka hausimami, na mimi huhamisha shimo kulipeleka sehemu tambarare bila kumuuliza mtu.

Kufika huko ni rahisi kuliko kurudi. Juni 2004, siku ya mwisho ya mashindano ya taifa ya Marekani pale Shinnecock Hills, grini zilikuwa zimeachwa zikauke ili mchezo uwe mgumu, upepo na jua vikazidisha. Kwenye shimo la 7 mpira ulikuwa haukai, ikabidi waandaaji waimwagilie grini maji kati ya kundi moja na jingine, mashindano yakiendelea. Siku ile hakuna hata mmoja aliyemaliza chini ya kiwango cha mipigo kilichowekwa. Retief Goosen wa Afrika Kusini alishinda. Wachambuzi walizungumza mengi kuhusu wachezaji. Mimi niliwaza yule kijana aliyeshika bomba mbele ya kamera zote zile.

Maji yetu yenyewe yana mkasa. Kisiwa cha jiwe kama hiki kina maji matamu yanayoelea juu ya maji ya bahari humo humo chini, na hesabu yake ni ya kutisha: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake. Ukivuta ukashusha ile ya juu kwa kidogo, ya chini inapanda na chumvi yake kwa wingi. Kwa hiyo kiangazi, wakati unapohitaji kuvuta zaidi, ndipo kisima kinapokuwa na chumvi zaidi. Unamwagilia, jua linachukua maji na kuacha chumvi, na kufikia Machi kwenye kingo za grini unakuta ukungu mweupe ambao ukiuonja unaujua. Paspalamu inavumilia, ndiyo maana ikachaguliwa. Ukoka unavumilia kwa kiasi. Mapambo ya maua mbele ya mapokezi hayavumilii kabisa, na hayo ndiyo bosi anayoyaona kwanza.

Bosi mmoja aliyepita alitaka feawei ziwe kijani Januari, kwa ajili ya picha za matangazo. Tulibishana, kwa heshima, mara kadhaa. Upande wa pili wa ukuta kuna kijiji, na Februari asubuhi utawaona kina mama na watoto wa skuli na madumu yao kisimani, mfereji umekauka. Dada yangu ni mmoja wao. Sikuwa na hoja ya kitaalamu wala ya sera. Nilimwambia tu kwamba grini na tii ni sehemu ndogo sana ya uwanja, tunaweza kuzilinda kwa maji machache, na hiyo iliyobaki ukoka wenyewe unajua la kufanya. Alikuja kukubali baadaye, nadhani kwa sababu ya bili ya umeme wa pampu kuliko kwa sababu yangu. Mwaka 2022 huko Ufaransa ukame ulipobana, watu walizuiwa kumwagilia bustani na kuosha magari huku grini za gofu zikiachiwa maji, na wanaharakati karibu na Toulouse wakaenda kuziba mashimo kwa saruji. Huku kwetu hakuna aliyeleta saruji. Lakini mimi naishi kijijini, siishi hotelini, na nikiona springila inarusha maji feawei nzima saa sita mchana huona haya kupita njiani.

Miaka hii Ramadhani nayo imeangukia humo humo. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, jua likiwa utosini. Tulibadilisha zamu: tukila daku tunakuja moja kwa moja, tunamwagilia na kukata kwa taa, tukifika saa nne asubuhi kazi nzito zimekwisha. Ile ya kupoza grini saa saba mchana haikwepeki, tukawa tunapokezana, na aliyeshika bomba anaruhusiwa kujirushia miguuni. Wachezaji wenyeji wanahamia saa kumi jioni na kuacha nafasi ya kufuturu. Wageni huambiwa waanze saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande ungalipo, mpira bado una adabu kidogo. Wanaokuja saa tano tunawapa maji na kofia, na huwa hawafiki shimo la 6.

Masika ya mwaka huu yalipoanza kunyesha, chumvi ilisafika kwa mvua chache tu na feawei zikarudi kijani, isipokuwa kipande kimoja cha juu, palipo na jiwe karibu, ambako vigari viliruka kamba. Pale hapakurudi. Tumechimba ukoka kwenye njia ya mbuzi nje ya ukuta, tumeukata vipande, tumeupanda kwa mkono. Uongozi unataka jiwe livunjwe na udongo uletwe kwa lori. Mimi nataka paachwe, pawe mchanga na vichaka vya asili, mchezaji achague kupita kulia au kushoto. Maalim anaunga mkono kwa sababu zake mwenyewe: lile baka analitumia. Kikao ni wiki ijayo, na nimeshamwomba aje avae kanzu.